Siku Tuliyovua Viatu Relini

Ngoma ya watu wa kanzu nyeupe ilikuwa ikinichosha, na sikulificha jambo hilo. Kila Jumamosi walipita mbele ya kibanda changu cha ushonaji pale Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, wamejipanga wawili wawili, bendera mbele na ngoma katikati, nami nimeinama kwenye cherehani nikihangaika pindo linyooke. Mimi ni wa kanisa la utulivu. Kwetu mtu akikohoa wakati wa maombi anageukiwa. Kwao Mungu anaitwa kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Lakini kanzu zao nilizishona mimi. Fundi hachagui mteja, na wao walikuwa wateja wazuri ila kwa jambo moja: kanzu na kiatu kwao havikai pamoja. Hata kuijaribu tu, mtu alivua viatu mlangoni akakanyaga sakafu yangu yenye pini na sindano zilizopotea, nikawa napiga kelele, "Mtachomwa, na mimi si daktari!" Mpiga ngoma wao, mwanamke wa umri wa marehemu mama yangu, alikuja kutoka Gatwekera kule Kibera kuchukua kanzu kila zilipokuwa tayari. Alinijibu kwa upole ulioniudhi zaidi. "Mwanangu, hata hapa chini ni kwa Mungu." Nikasema moyoni, basi huyo Mungu wa chini aje aniokotee pini.

Dada yangu mkubwa naye aliishi Gatwekera, milango michache kutoka kwa huyo mama wa ngoma. Ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki kule Kitui, dada alinileta Nairobi, akapika chapati na maharagwe kando ya njia mpaka nikajua kushika mkasi. Watu wa mtaa wake hawakuhitaji saa. Walimsikia akiita, "Chapo moto! Chapo moto!" wakajua kumekucha. Sauti ilikuwa kubwa na kifua kilikuwa kibovu, maana pumu ilimwandama tangu utotoni. Nimewahi kumuuliza Mungu kwa nini alimpa mtu mmoja vitu hivyo viwili kwa pamoja.

Ndipo ikaja ile wiki ya maandamano. Vijana walisema wamechoka na maisha. Wenye maduka walisema wamechoka na vijana waliochoka. Mwenye ploti ninapoishi, mama Mkikuyu aliyezaliwa kwenye udongo uleule kabla haujajengwa nyumba hata moja ya kupangisha, alifunga geti kwa kufuli na kutangaza kwamba watu wa Kibera waache kutuletea fujo. Sisi wapangaji, wengi wetu Wakamba kutoka Machakos na Kitui, tulikaa kwenye milango yetu tukasikiliza redio na kunyamaza. Kila mtu alikuwa na hasira, na kila mtu aliamini yake ndiyo ya haki.

Asubuhi moja simu ililia. Ilikuwa dada, lakini sauti haikuwa yake.

"Tiagasi... ya polisi... imeingia... ndani," alisema.

"Inhela iko wapi?"

"Imeisha."

"Na kemisti?"

"Zote... zimefungwa."

Nyuma ya maneno hayo nikausikia ule mluzi wa kifuani ambao nimeujua tangu nikiwa mtoto. Wengine huogopa bunduki. Mimi huogopa mluzi huo. Nilichukua kifurushi cha kanzu nilizokuwa nimemaliza kumshonea mama wa ngoma, nikajiambia kwamba fundi aliyebeba kanzu za kanisa hawezi kudhaniwa mwizi, nikakimbilia getini.

"Hakuna mtu anatoka hapa leo!" mwenye ploti alifoka. "Mnataka waingie watuchomee?"

Sikubishana. Simu ilikuwa bado hewani, nikamwekea sikioni. Alianza kuisukuma, halafu mkono ukasimama. Alisikiliza. Uso wake ulibadilika, kwa sababu mjukuu wake ana ugonjwa huohuo, naye hukesha na mluzi huo usiku akiwa amemshika mtoto mapajani. Aliingia ndani. Alipotoka, mkono mmoja ulikuwa na ufunguo, na mwingine inhela ya bluu.

"Ni ya mtoto, lakini leo yuko sawa," alisema. "Enda. Mungu akutangulie."

Sikumkumbusha maneno yake kuhusu watu wa Kibera. Nina ulimi mkali, lakini sina wazimu.

Nilitembea kwa haraka kupita mahali ninapopajua kwa macho yaliyofumbwa, na siku hiyo sikupatambua. Maduka yalikuwa yamefungwa na barabara ilikuwa tupu, kitu ambacho Kawangware haikijui. Karibu na Ngong Road vijana walikuwa wamechoma tairi na kukalia mawe. Mmoja wao, aliyefunga kitambaa kilicholowa mdomoni, alinizuia.

"Mathe, unaenda wapi? Huko mbele kumechafuka."

"Kwa dada yangu, Gatwekera. Hapumui vizuri."

Alifungua kifurushi, akaona kanzu, akakifunga tena, tena vizuri kuliko nilivyokuwa nimekifunga mimi. "Usifuate lami. Pitia hapo ndani Jamhuri, makarao wa tiagasi wamejaa pale stendi ya Olympic." Aliangalia macho yangu, akanimwagia maji ya chupa yake kwenye leso. "Shika hii puani, mathe. Na umwambie siz apate nafuu."

Nilienda nikilia, na haukuwa moshi peke yake. Tangu asubuhi nilikuwa nimewalaani vijana hao mmoja mmoja.

Nyumba ya dada ni ya udongo na mabati, dirisha moja, na gesi ikishaingia mle haina pa kutokea. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Bakuli la unga uliokandwa lilikuwa mezani, limefunikwa vizuri. Nilimpa inhela. Alivuta, akavuta tena. Mluzi ulipungua kidogo, akaweza kunitazama, lakini midomo yake ilikuwa imeanza kuingia rangi ya majivu. Nilijua kinachofuata. Alihitaji mashine ya mvuke ya hospitali, na hospitali iko ng'ambo ya Nyayo Highrise. Bodaboda hazikuwapo. Njia zote za lami zilikuwa na mawe upande mmoja na polisi upande mwingine.

Mama wa ngoma aliingia bila kubisha hodi. Majirani walikuwa wamemwambia. Alimtazama dada, akanitazama mimi, kisha akakitazama kifurushi.

"Umezimaliza?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Dada yangu anakufa na wewe unauliza nguo?"

"Nauliza kwa sababu tutazivaa sasa hivi," alisema. "Tunampeleka kwa reli. Reli haina lami ya kugombania."

Wakaja, wanawake wengi na wanaume wachache, Waluo na Waluhya, na Mkisii mmoja mwenye mabega mapana ambayo huwa yananila kitambaa. Walivaa kanzu zangu palepale uchochoroni, wakavua viatu na kuvipanga chini ya ukuta kama walioingia nyumbani kwa mtu. Walileta kiti cha plastiki, wakamkalisha dada, wakamfunga kwenye kiti kwa leso ili asiteleze. Wanne wakakibeba mabegani. Nilibaki na nguo zangu za kawaida na raba zangu, nikiwa nimemshika dada mkono. Kanzu moja ilibaki kwenye kifurushi, nikaikumbatia tu.

Nilitegemea ile ngoma ya Jumamosi ya kunipasua kichwa. Haikuwa ile. Mama wa ngoma alitembea ubavuni mwa kiti, macho kifuani kwa dada, akapiga polepole sana. Pigo moja, kisha ukimya mrefu. Pigo jingine.

"Ngoma ikilia, vuta," alimwambia. "Ikinyamaza, toa. Usiwe na haraka, mwanangu. Haraka ni ya wenye kifua kizima."

Mwanzoni dada hakuweza. Pumzi zake zilikuwa zikikimbia mbele ya ngoma. Basi wale waliomzunguka wakaanza kuvuta pamoja naye, kwa sauti, wote, na kutoa pamoja, hata nami nikajikuta navuta. Tulipopita, watu walitoka milangoni, nao wakanyamaza wakasikiliza, na nikaona vifua vyao vikipanda na pigo bila wao kujua. Mwanamke aliyekuwa akifua alisimama na shati likichuruzika maji mkononi, akivuta na kutoa. Sijui makabila yao. Sijui walipigia nani kura. Nimepima vifua vya watu maisha yangu yote, na futi yangu haijawahi kuuliza jina la mtu, lakini siku hiyo ndiyo nilielewa ninachokipima. Nasema kama nilivyoona: kilikuwa kifua kimoja, na kilichokuwa kikimuumiza dada kilikuwa kikituumiza sote. Hewa ni moja. Aliyeitia sumu ameitia sumu puani mwake mwenyewe.

Nyuma yetu vijana walianza kufuata. Hawakuwa na nia mbaya, nadhani walitaka kuona, lakini wengine walikuwa bado na mawe mikononi. Na mbele, pale reli inapokaribia maghorofa ya Highrise, polisi walikuwa wamesimama wameziba njia, ngao chini, helmeti vichwani. Mimi ndiye niliyekuwa mbele bila kanzu, karibu na kiti, nimevaa kama mwandamanaji yeyote. Nikawaza kwa akili ya fundi: hawa wanasoma nguo. Nikaivuta ile kanzu iliyobaki, nikaivaa juu ya nguo zangu, nikajiona nimewahi.

Ngoma ikakatika.

Si polepole. Ilikatika tu. Msafara mzima ukasimama kwenye kokoto za reli, mbele ya polisi na mbele ya mawe. Nilimgeukia mama wa ngoma. Alikuwa akitazama miguu yangu.

"Vua viatu," alisema.

"Saa hii?"

"Umevaa kanzu. Vua."

Nilimpandishia sauti. Nilimwambia maneno ambayo kanisa langu la utulivu halijawahi kuyasikia. "Mtu anakata roho na wewe unahesabia Mungu raba! Piga ngoma! Piga!" Na kweli, bila ngoma pumzi ya dada ilikuwa imeanza kukimbia tena, mluzi umerudi, vidole vyake vimenikaza mkononi.

Yule mama hakupandisha sauti. "Ngoma ni ya walio chini pamoja naye. Ukitaka kusimama juu kidogo kuliko wengine, sisi hatusongi. Vua, tuende."

Nikainama.

Sasa, mtu yeyote aliyeishi siku hizo Kibera anajua kwamba mbele ya polisi haikufaa kuinama. Kuinama kulikuwa kuokota jiwe. Nilisikia ngao zikiinuliwa kwa pamoja. Nilisikia mtu akipiga kelele, "Wewe! Simama!" Nyuma yangu vijana wakazuia pumzi. Nikiwa pale chini, mikono yangu ikihangaika na kamba za raba, niliona ubaya wa nilichofanya, lakini fundo lilikuwa limekaza na sikuweza kuacha. Nilivuta kiatu kimoja. Nikavuta cha pili. Nikasimama, nikaviinua vyote viwili juu ya kichwa changu, vikining'inia kwa kamba zake.

Hakuna aliyesogea. Askari mmoja aliyekuwa mbele, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa ameelekeza bunduki yake ya gesi kwangu. Alitazama viatu. Kisha macho yake yakashuka kwenye miguu yangu juu ya kokoto, yakaenda kwenye miguu ya waliobeba kiti, miguu ya mama wa ngoma, safu nzima ya miguu mitupu iliyokwisha kuchubuka. Yakaishia kwa dada.

"Huyo ana nini?"

"Pumu, afande," nilisema. "Tunaenda hospitali hapo tu."

Upepo ulikuwa umegeuka. Mabaki ya gesi waliyorusha wao wenyewe muda mfupi kabla yalikuwa yakiwarudia, na akaanza kukohoa, na mwenzake pia, wakajipangusa macho kwa mikono ya jaketi kama watoto. Mama wa ngoma alimsogelea, akanyoosha mkono na kumpa kitambaa chake kilicholowa. Akakipokea. Nilimwona akikishika puani na kuvuta, na nikamwonea huruma, na huruma hiyo ilinishangaza.

"Mtu wa vita havui viatu," alisema alipopata sauti, na akawageukia wenzake. "Wapisheni."

Nilipotazama nyuma, nikaona kitu ambacho nitakisimulia hadi nizikwe. Vijana walikuwa wanavua raba. Zile raba wanazozipenda kuliko nafsi zao, wanazozipangusa kwa mswaki, walizifunga kamba na kuzitundika shingoni. Na huwezi kufunga kamba za viatu ukiwa na jiwe mkononi. Mawe yalilia moja moja kwenye reli yakianguka.

Ngoma ikapigwa.

Tulipita katikati ya polisi tukivuta na kutoa, na walipoona kiti kinayumba kwenye mteremko wa kokoto, askari wawili walitupa ngao begani na kukishika miguu. Wakatembea na pigo, kwa sababu hungeweza kubeba kile kiti bila kutembea na pigo. Buti zao zilikuwa miguuni, na mama wa ngoma aliziona, akaendelea kupiga. Baadaye nilimuuliza kwa nini mimi nilivuliwa na wao hawakuvuliwa. Alinijibu kwamba wao hawakuvaa kanzu.

Hospitalini walimwekea dada barakoa yenye mvuke. Niliketi kando yake kwenye benchi nikiwa na kanzu ya kanisa nisilosali, miguu imejaa damu na vumbi, nikalia kwa furaha mpaka muuguzi akadhani mgonjwa ni mimi. Rangi ilirudi midomoni mwa dada kidogo kidogo. Nje, barabarani, ngoma ilikuwa bado inaenda, polepole vilevile, na nilijua hawangeondoka hadi waambiwe. Nilitoka nikawaambia. Kelele walizopiga siwezi kuziandika. Vijana walipiga mluzi, akina mama wakapiga vigelegele, na hata mmoja wa wale askari waliobeba kiti akavua helmeti.

Dada alipotolewa barakoa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Unga wangu."

"Nini?"

"Niliacha unga umekandwa. Utaharibika." Akavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko zote nilizosikia siku hiyo, akaongeza kwa sauti iliyowageuza wagonjwa wote kwenye wodi, "Na wewe mbona uko miguu chini hivyo?"

Sijui kama nchi ilibadilika baada ya wiki hiyo. Bei hazikushuka, na mwenye ploti bado anawalalamikia vijana, ingawa sasa anawalalamikia kwa kuwaita "watoto wetu". Nilimrudishia inhela ya mjukuu, akaipokea na kunishika mkono kwa muda mrefu getini. Walio juu wanaendelea kututafutia tofauti, na sisi wakati mwingine tunawasaidia kuzitafuta. Mimi bado nina kanisa langu la utulivu. Ila najua jambo moja nisilohitaji tena kufundishwa, kwa sababu nililikanyaga kwa nyayo zangu: maumivu ya mtu mmoja hayana pa kukaa peke yake, na uponyaji wake pia.

Jumamosi wanapopita, siwapigii tena kelele. Navua viatu chini ya cherehani na kukanyaga pedali kwa miguu mitupu. Chuma ni baridi, na pindo linanyooka vizuri tu.

Jumamosi iliyopita nilimsikia dada kabla sijamwona. Bendera ilikuwa haijapinda kona, ngoma iko mbali, lakini sauti yake ilikuwa imeshafika, juu ya zote, nje ya wimbo kabisa. Alitoka kwenye mstari, akavua viatu alivyokuwa amevining'iniza shingoni akavitupa mezani kwangu, juu ya kitambaa cha mteja, akasimama kwenye sakafu yangu yenye pini akiwa na kanzu niliyomshonea mwezi uliopita.

"Inanibana hapa," alisema, akijipiga kifuani. "Ipanue."

Nilichukua futi nikamzungushia. "Vuta pumzi," nikamwambia, kama ninavyowaambia wote.

Akavuta. Akavuta mpaka futi ikaniponyoka vidoleni, akacheka, na nje ngoma ikawa inamngoja.